Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya, Elimu na TAMISEMI: mtoto akitoka wodini, nani anamwambia mwalimu?

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Afya, ya Elimu na ya TAMISEMI,

YAH: WANAFUNZI WANAORUDI SHULENI BAADA YA KUUGUA MAHUTUTI NA UCHOVU WANAORUDI NAO

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19. Fedha zile zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Fedha zilezile zilijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali ambazo zamani hazikuwa navyo. Vyumba hivyo vinafanya kazi. Wapo watoto ambao zamani tungewazika na leo wanarudi nyumbani kwa miguu yao, na mzazi yeyote aliyewahi kukesha kwenye benchi la wodi anajua uzito wa jambo hilo kuliko takwimu yoyote.

Ninachoandikia ni nafasi iliyobaki kati ya hospitali hizo na madarasa hayo. Mtoto anatoka kwenye chumba cha mashine, anahamishiwa wodini, anaruhusiwa, na Jumatatu inayofuata yuko mbele yangu darasani. Hospitali haijaleta karatasi wala haijapiga simu. Mama yake anafika mlangoni, ananiambia, "Mwalimu, mwanangu alikuwa anaumwa sana, lakini kapona," kisha anawahi biashara yake. Mimi nina watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Neno "kapona" nalipokea kama lilivyo, na mtoto anaingia kwenye ratiba ya shule kama wenzake.

Ratiba hiyo mnaijua, maana nanyi mmesoma shule zetu. Mtoto anaamka alfajiri, anachota maji au anafagia kwao, anatembea kwenda shule. Akifika anawahi namba. Anafagia eneo lake, anamwagilia bustani, anakimbia mchakamchaka huku akiimba, anasimama paredi kwenye jua. Hapo hata kipindi cha kwanza hakijaanza. Mchana kuna masomo ya ziada. Jioni ile safari ya asubuhi inarudiwa kinyumenyume, na nyumbani ndoo inamsubiri.

Sasa mlinganishe na mtu mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili. Karani aliyelazwa wiki moja kwa nimonia hutoka hospitali na ED mkononi, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha kazi, na ofisi nzima itamwambia asijichoshe. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa hajitambui kwa degedege hatoki na ED. Kesho yake anashika ufagio.

Nieleze kidogo uchovu huu unavyoonekana darasani, kwa sababu nadhani wengi wanaokaa mezani kutunga miongozo hawajauona. Kwanza, hauonekani asubuhi. Kipindi cha kwanza mtoto anaandika kama wenzake, pengine hata ananyoosha mkono. Kengele ya saa nne inalia, wenzake wanatoka mbio kuwahi uji, yeye anabaki kwenye dawati ameegemeza kichwa kwenye mkono. Hesabu alizozifanya vizuri asubuhi, ukimpa za aina ileile saa saba anazitazama tu. Unamsomea sentensi, anaomba urudie. Nusu ya maandishi ya ubaoni yanabaki ubaoni. Akiguswa kidogo analia, na zamani hakuwa mtoto wa kulialia. Halafu kuna siku moja anaamka vizuri, anacheza rede mpaka jioni, mama yake anafurahi na kuwaambia majirani. Kesho yake hawezi kuinuka kitandani, na keshokutwa pia. Kwenye rejista yangu ya mahudhurio wiki hiyo inasomeka: yupo, yupo, hayupo, hayupo, yupo. Mkaguzi yeyote akiifungua ataona mtoro.

Mwaka jana nilikuwa na binti wa darasa la nne wa namna hiyo, malaria ilikuwa imempanda kichwani na akaongezewa damu. Kabla hajaugua alikuwa kiranja. Aliporudi, mwalimu wa zamu alimkuta amekaa chini ya mwembe wakati wenzake wanakimbia mchakamchaka, akamchapa kwa uvivu. Mwenzangu huyo si mtu mkatili. Alichokiona ni mtoto aliyenenepa kidogo kuliko alivyokuwa (bibi yake alikuwa anamlisha vizuri), hana kidonda, hakohoi, na amekaa. Hakuna aliyemwambia kwamba bado yuko kwenye matibabu.

Hapa naomba tusome pamoja kanuni zenu wenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni, zile zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaweka ukomo wa viboko vinne, zinataka adhabu itolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyemteua, na zinataka umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Kuhusu viboko nina maoni yangu, nitayaandika siku nyingine. Leo nauliza dogo tu: afya ambayo mwalimu hajaelezwa ataizingatiaje?

Waheshimiwa, uchovu huu una sababu ndani ya mwili. Mtoto aliyepungukiwa damu sana, chini ya gramu 5 kwa desilita, huongezewa damu ya kumtoa kwenye hatari, na mara nyingi huruhusiwa ikiwa imepanda lakini haijajaa. Kiwango cha mtoto wa umri wa shule ya msingi ni 11.5 au zaidi. Kutoka pale alipoachiwa hadi hapo ni kazi ya mwili wake mwenyewe, na mwili hauifanyi bila madini chuma na chakula. Bibi zetu husema "damu haijarudi," na kwa hili wako sahihi kabisa. Wanachemsha rozela, wanasaga majani ya matembele, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale dawa ya kuongeza damu inapoteremshiwa na chai ya rangi, kwa sababu chai huzuia madini chuma yasifyonzwe vizuri. Jambo hilo linaweza kuelezwa kwa sekunde kumi kwenye dirisha la dawa. Kwenye madirisha mengi halielezwi.

Kuna la pili, ambalo wazazi wengi hawalijui kabisa. Sindano ya atisuneti ndiyo inayookoa watoto wetu wenye malaria kali. Tanzania ilishiriki kuithibitisha: katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa hospitali za Muheza na Korogwe kule Tanga, walitibiwa ama kwa atisuneti ama kwa kwinini, na vifo vikawa asilimia 8.5 kwa atisuneti dhidi ya 10.9 kwa kwinini. Dawa ni nzuri na hakuna anayetaka turudi nyuma. Ila kwa baadhi ya wagonjwa, hasa waliokuwa na vimelea wengi mno, chembe nyekundu za damu huja kuvunjika tena wiki moja hadi nne baada ya matibabu. Wakati huo mtoto hayuko wodini tena, yuko kwangu. Akipauka, akapumua kwa shida, akakojoa mkojo wa rangi ya kokakola, huyo hapaswi kupumzishwa nyuma ya darasa, anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mimi nililijua hili kwa bahati, kwa sababu dada yangu ni muuguzi. Walimu wangapi wana dada muuguzi?

Misuli nayo hupungua haraka mtu anapolala mahututi, hata ndani ya wiki ya kwanza, na kwa mtoto aliyeingia hospitali akiwa tayari amekonda hakuna akiba ya kupunguzwa. Usingizi huvurugika: chumba kina taa usiku kucha, mashine zinapiga kelele, watu wanamchoma sindano saa nane za usiku. Wapo wanaoendelea kushtuka usingizini miezi baadaye. Wengine wanaogopa kulala. Mzazi anayelala naye kitanda kimoja ndiye anayejua, na haulizwi.

Na kuna ubongo. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya kichwani walifuatiliwa kwa miaka miwili baada ya kutoka hospitali, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Miaka miwili baadaye, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu katika uwezo wa akili, ilhali kwa watoto wa mitaa yao wasiougua ilikuwa takriban mmoja kati ya kumi na watatu. Eneo lililoumia zaidi lilikuwa umakini, yaani kile kinachomwezesha mtoto kumfuata mwalimu kuanzia mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Mtoto wa namna hiyo anatumia nguvu nyingi kufanya kile ambacho jirani yake anakifanya bila kufikiri. Saa saba amekwisha.

Wataalamu wa wenzetu wameshalipa jambo hili sura. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa huduma ya watoto mahututi lilichapisha mfumo wa kueleza yanayowapata watoto na familia zao baada ya kutoka chumba cha mahututi: ya mwili, ya akili, ya hisia na ya kuishi na wenzao. Walieleza kwamba mengine huisha kwa siku, mengine huendelea kwa miaka. Vipo vipimo vya uchovu wa watoto vinavyoutenganisha uchovu wa jumla, wa usingizi na wa akili, kwa maswali machache tu ambayo mtoto au mzazi anayajibu kwa dakika chache. Kwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria, mwongozo wa Uingereza unataka mtoto apimwe usikivu ndani ya wiki nne tangu awe na hali ya kupimika, na aonwe na daktari wa watoto wiki nne hadi sita baada ya kuruhusiwa. Sisemi tuwe Uingereza. Nasema hata wao, wenye madarasa ya watoto thelathini, waliona kwamba kumwachia mzazi peke yake haitoshi.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kumfuata mtoto nyumbani, nayo ni nzito kuliko alama za Hisabati. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022 uliwafuatilia watoto 3,101 wa miezi 2 hadi 23 waliolazwa katika hospitali tisa za Afrika na Asia, zikiwemo za Kenya na Uganda. Katika vifo vyote 350, karibu nusu vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kurudi nyumbani. Hao ni wadogo kuliko wanafunzi wangu, lakini ni wadogo zao, wa nyumba zilezile. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2022 kwamba, katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu apewe dawa ya kukinga malaria baada ya kuruhusiwa. Pendekezo lile lilitegemea, pamoja na mengine, jaribio la Kenya na Uganda la watoto 1,049 chini ya miaka mitano, waliopewa dawa wiki ya 2, ya 6 na ya 10. Katika miezi mitatu ya mwanzo, vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70. Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwetu Kanda ya Ziwa malaria haihitaji kutafutwa. Naomba utueleze hadharani pendekezo hilo limefika wapi katika wodi za hospitali zetu za wilaya.

Sasa niseme ninachoomba, na ni kidogo kuliko mnavyodhani.

Naomba karatasi moja. Iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, ijazwe na daktari au muuguzi siku mtoto anaporuhusiwa, mzazi ailete shuleni. Kwa watoto wa chini ya umri wa shule ibandikwe kwenye kadi ya kliniki. Haihitaji kutaja ugonjwa, na kwa kweli naomba isiutaje. Vijijini kwetu ukiandika kifua kikuu au VVU kwenye karatasi inayopita mikononi mwa viranja umemuumiza mtoto mara ya pili. Iseme tu: mtoto huyu anatoka kwenye ugonjwa mkubwa, mpaka tarehe fulani asikimbie mchakamchaka, asibebe maji, asifanye kazi za nje juani, kwa wiki mbili za mwanzo asome hadi saa nne au saa sita kisha aende nyumbani, aruhusiwe kukaa mbele, kunywa maji na kupumzisha kichwa bila kuulizwa, arudi kituoni tarehe fulani, na ukiona dalili hizi, usisubiri tarehe. Chini kuwe na muhuri na namba ya simu ya wodi. Muhuri ni muhimu. Shuleni kwetu karatasi isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga.

Wapo wazazi ambao huruma imewazidi wakamweka mtoto nyumbani muhula mzima. Siwaungi mkono, na karatasi ninayoomba isije ikasomwa hivyo. Mtoto anayekaa ndani peke yake misuli hairudi, anaogopa watu, na anasahau hata alichokijua. Kurudi shuleni ni sehemu ya kupona kwake: marafiki, nyimbo, kelele za darasani, kuitwa jina lake. Anachohitaji ni kurudi kwa kupandishwa kidogokidogo, leo vipindi viwili, wiki ijayo vinne, na akichoka apunguziwe, asifukuzwe. Na zile siku nzuri ndizo za kuzilinda zaidi, maana ndizo anazojimaliza. Hili linahitaji mtu wa kumwambia mama, mwalimu na mtoto mwenyewe kitu kimoja. Kwa sasa daktari anasema "apumzike," baba anasema "asidekezwe," shangazi anasema "kalogwa," na mimi nasema "andika haraka, nafuta ubao."

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, naomba pia alama moja kwenye rejista. Leo tuna aliyepo na asiyepo. Mtoto aliyeondoka saa nne kwa ruhusa ya hospitali siwezi kumwandika hayupo, na nikimwandika yupo nadanganya. Utoro una sheria yake na mzazi anaweza kuitwa mbele ya mtendaji wa kata kwa ajili yake. Nimeona mama akijieleza ofisini huku ameshika karatasi za wodi zilizoloa jasho, zimeandikwa Kiingereza na vifupisho ambavyo hakuna ofisini aliyeweza kuvisoma. Alama moja ya "nusu siku kwa ugonjwa" ingemwondolea safari ile.

Kuhusu mitihani, njia ipo tayari. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto aliyetoka mahututi mwezi Agosti na anakaa Upimaji wa Darasa la Nne mwisho wa mwaka naye, kwa wakati huo, ana mahitaji maalumu. Hayaonekani kwa macho, na yataisha. Mwongozo unaweza kumtambua kwa ile karatasi yenye muhuri. Kambi za kitaaluma, zile za kulala shuleni na kusoma hadi usiku, asilazimishwe kabisa. Nasema hivyo nikijua kwamba Mwalimu Mkuu wangu, anayepimwa kwa wastani wa ufaulu, hatafurahi kulisoma.

Kisha kuna fedha, na hapa namgeukia tena Waziri wa Afya. Mtoto chini ya miaka mitano sera inamtibu bure. Akivuka mitano, mama analipia kumwona daktari, analipia kipimo cha wingi wa damu, analipia dawa, na juu yake nauli ya bodaboda ya watu wawili. Ametoka kuuza mbuzi kulipa deni la kulazwa. Mkimwambia arudi baada ya wiki mbili kuangaliwa tu, mtoto anayetembea na kula, hatarudi, na mimi simlaumu. Bunge lilipitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Katika kitita cha mafao ya bima hiyo, wekeni marejeo ya mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa mkubwa: kuonwa na kupimwa damu katika zahanati iliyo karibu naye, bila malipo, katika wiki sita za mwanzo. Zahanati zetu nyingi zinaweza kupima wingi wa damu kwa tone la kidoleni. Na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wapewe orodha ya watoto walioruhusiwa katika kijiji chao. Wanapita nyumba kwa nyumba tayari, wajue nyumba ipi ya kuuliza, "Analalaje? Anakula? Anamaliza siku?"

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa: wazazi watazitumia karatasi hizi vibaya, watoto watajifanya wamechoka wapate kukwepa ufagio. Watakuwepo wachache. Mimi nimefundisha miaka mingi na mtoto anayejifanya namtambua. Anachoka kwenye Hisabati na kupona kwenye mpira. Huyu ninayemzungumzia anaumia zaidi kwa mpira, anakaa pembeni ya kiwanja anawatazama wenzake, na ukimruhusu aingie anaingia, halafu unamkosa siku mbili. Pingamizi la pili ni kwamba wauguzi wamezidiwa na kazi. Ni kweli kabisa. Lakini hata sasa wanajaza karatasi ya kumruhusu mgonjwa, ndefu, ya Kiingereza, ambayo mzazi anaikunja na kuitia kwenye mkoba pamoja na risiti. Wapunguze huko, waongeze huku.

Naweza kusema neno moja kuhusu akina mama? Katika kuandika barua hii nimezungumza na kadhaa. Karibu wote waliniambia wameshawahi kumpiga au kumfokea mtoto katika wiki za mwanzo za kurudi nyumbani, kwa kudhani amezoea kulelewa wodini, halafu wakalia. Hakuna aliyekuwa ameambiwa hospitali kwamba uchovu ungekuwepo, ungechukua wiki au miezi, na kwamba kwa wengi ungepungua. Waliambiwa wampe dawa hii mara mbili na ile mara tatu. Mmoja aliambiwa, "Nenda nyumbani ukamshukuru Mungu." Alimshukuru. Kisha akabaki na mtoto anayelala mchana kutwa na kukesha usiku, na hana wa kumuuliza.

Kama jambo hili ni gumu kulianza nchi nzima, lianzeni halmashauri moja. Chagueni yenye malaria nyingi na hospitali yenye wodi ya watoto inayojaa, iwe ya mkoa wa Geita, Kagera, Tabora au Mtwara. Mganga Mkuu wa Wilaya na Afisa Elimu wa Msingi wakae meza moja asubuhi moja, waite walimu wa afya wa shule kumi, wauguzi wawili wa wodi ya watoto na wazazi watatu, waandike hiyo karatasi. Nina hakika watamaliza kabla ya chakula cha mchana. Ianze kutumika shule zinapofunguliwa Januari, na mwisho wa muhula tuhesabu wangapi walirudi kliniki, wangapi walibaki darasani, wangapi walilazwa tena.

Darasani kwangu nafasi ya kujaribia ipo. Nimeomba ofisini benchi la pili mbele, karibu na dirisha, liwe la watoto wanaotoka wodini. Nimekubaliwa kwa mdomo, kwa masharti kwamba nisiwatangazie walimu wengine wakaja nao kuomba. Ningependa kibali hicho kiwe cha maandishi, na kiwe cha kila shule.

Nitasubiri majibu yenu kupitia kwa Afisa Elimu wa Kata yangu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa darasa la nne,
Shule ya Msingi, Mkoa wa Geita

Nakala: Waganga Wakuu wa Mikoa
Maafisa Elimu wa Mikoa
Wauguzi viongozi wa wodi za watoto